Nani Amemnunua Nani

4 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Huku hatujambo, ila goti la mama yako humnung'unikia kila akipanda ngazi. Natumai unakula, si chai tu.

Mimi hapa kwenye cherehani sina amani. Kila anayekuja kupimwa suruali anaongelea kampuni yenu: eti washindani wenu, wale wakubwa, wanakuja kuwanunua. Hisa zenu zimepaa, na baba yako mdogo ametia akiba yake yote. Jana kanishika shati: "Kaka, muulize binti. Neno moja tu!"

Mimi naogopea kazi yako. Mkinunuliwa, si mtatupwa nje? Na huo uvumi, je, ni kweli?

Baba yako

13 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, nakula. Mpe Mama pole ya goti.

Watu wanatukabidhi picha za harusi zao, vyeti vya hospitali, hesabu za maduka. Vyote vinalala kwenye mitambo yetu ya kuhifadhi data, nami ndiye fundi wa kuilinda. Wanatuamini, Baba. Sasa nikimnong'oneza ndugu yangu mambo ya ndani ili anunue au auze, hiyo ni jinai, na hata isingekuwa jinai nisingefanya. Mwambie Baba Mdogo nampenda, lakini kwangu hatoki na kitu.

Nitakuwa kimya kidogo. Msinifikirie vibaya.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

U mzima kweli? Simu hushiki, barua hujibu.

Redio imesema mazungumzo yamevunjika, hisa zimeporomoka. Baba yako mdogo kaja hapa anafoka: "Alijua, akaniacha niungue!" Nikasimama. Nikamwambia, "Mwanangu hakukutuma ununue. Na kama angekuuzia siri, ningeona haya mimi niliyemlea." Kaondoka bila kuaga.

Kama wamekufukuza, rudi nyumbani. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

6 Mei

Shikamoo Baba, shikamoo Mama!

Mko wazima? Mimi nimekonda, lakini nacheka peke yangu njiani!

Hawajatununua. Mazungumzo yao yalipovunjika, meza iligeuka: sisi ndio tumewanunua wao! Ule ukubwa ulikuwa wa jina tu. Mitambo imechoka, wateja wanawakimbia. Nilikuwa kwenye timu ya kuikagua mitambo hiyo, tukaapishwa tusiseme hata nyumbani. Kimya kile kiliniuma, Baba, na barua yako nililala nayo chini ya mto.

Siku ya kutia saini, mkurugenzi alinigeukia mbele ya wanasheria: "Fundi, data zao zitahamia kwetu salama?" Nikasema, "Zitahamia." Akatia saini. Leo vyumba vyote vya mitambo, vyetu na vyao, viko chini yangu! Hisa zimepaa kuliko mwanzo. Baba Mdogo asithubutu kuniuliza kama auze.

Jana niliingia kwao. Mafundi wamejipanga ukutani, wanangoja kufukuzwa. Mzee mmoja wa rika lako akavua kitambulisho chake na kuninyooshea. Nikamvika tena shingoni.

"Kaa, Mzee," nikamwambia. "Kazi ndiyo kwanza inaanza."

Mwanao