Kutembea Kama Msangu

Mtani wangu Kihwele,

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimezika ndugu zangu wote wa tumbo moja, nimechosha maksai mpaka wakachinjwa, na lile trekta la kwanza kuingia hapa Madibira nimeliona likifa, sasa kuku wanatagia ndani yake. Na wewe Mhehe nimekuzika, wewe uliyesema utapiga makofi kwenye kaburi langu. Nani kashinda?

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Binti yangu Neema alitaka mimi niseme yeye aandike, nikamwambia akae pembeni. Shule nilisoma kidogo, lakini mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu, na mwalimu yule alikuwa hasifu mtu. Nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo limenikuta msibani kwako, na nikimwambia mwingine atasema uzee umeniingia kichwani.

Habari ya kifo chako ilinifikia asubuhi. Nikapanda gari la Mafinga, kisha jingine, mpaka kwenu Kilolo kwenye baridi ya kuua kuku. Miaka yote tumelima majaruba yaliyopakana, mpunga wako huku, wangu kule, tuta moja katikati, na kwenu, ulikokuwa unarudi msimu ukiisha, sijawahi kufika. Nilikuwa najiambia, nipande mlima kumfuata mtu ninayemshinda? Nimefika, wanalia. Nikasema ngojeni, mtani amekuja. Desturi unaijua. Babu zetu Wasangu na Wahehe walichomana mikuki, ndiyo maana sisi tunazikana kwa vicheko. Marehemu asipoigizwa na mtani wake, anaondoka na manung'uniko.

Nikamwomba shemeji, Mama Zawadi, aniletee koti lako na kofia. Nikavaa. Nikapita mbele ya jeneza kwa ule mwendo wako wa kila asubuhi pale kwenye tuta: mikono nyuma, kifua mbele, kidevu juu kama beberu anayenusa mvua. Halafu unasimama, unachungulia jaruba la mwenzio, unakohoa kidogo, unaendelea kama skimu nzima ya umwagiliaji ni yako. Mwendo ule uliniudhi miaka yote. Nilikuwa nasema, huyu Mhehe wa kuja, mpunga kaujua jana, majivuno haya kayatoa wapi?

Watu wakacheka. Watoto wakaanza kuita, "Babu Msangu, Babu Msangu." Nikafikiri kuna mtu amewaambia mimi ni nani, nikaongeza madoido. Ndipo shemeji akanishika mkono, anacheka huku machozi yanamtoka, akasema: "Shemeji, huyo siyo Baba Zawadi. Huyo ni wewe. Ndivyo alivyokuwa anakuigiza hapa nyumbani."

Mtani, nilisimama na koti lako mwilini, nikasahau mguu upi unafuata.

Baadaye tulikaa jikoni, akanieleza. Anasema msimu wako wa kwanza Madibira, ulipotoka huko milimani unajua mahindi na njegere tu, ulizama kwenye tope mpaka mapajani, miche ikaelea, ukarudi nyumbani ukasema hushuki tena. Ukakaa kwenye kiti. Watu wanakwenda mashambani, wewe kwenye kiti. Siku moja ukainuka ili uwachekeshe watoto, ukatembea kama mimi, ukauzunguka uwanja wote. Ulipomaliza kuzunguka ukachukua begi lako, ukashuka Madibira. Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yako. Alinitajia maneno yako, na hapa nayaandika kama yalivyo: "Nikitembea kama mimi, naishia kwenye kiti. Nikitembea kama Msangu, nafika shambani." Hata ulipougua, anasema, kwenda uani ulikwenda hivyo hivyo, mkono mmoja nyuma na mwingine unashika ukuta.

Nikatoka nje nikaiangalia nyumba yako. Tofali za kuchoma, bati, madirisha ya vioo. Zawadi amesoma mpaka amekuwa muuguzi. Vyote hivyo kwa miguu yangu. Kwamba mimi ni mkubwa nilijua siku nyingi, sikatai. Lakini sikujua nimeenea mpaka Kilolo.

Kinachonitisha ni kingine. Mimi nilikuwa nikikuona unakuja na kile kifua, nainuka kivulini, natoa cha kwangu zaidi. Jaruba la tatu nililifungua kwa sababu yako. Nilitaka ukichungulia uumie. Kumbe aliyekuwa ananisukuma ni mimi mwenyewe, nimevaliwa na Mhehe! Sasa wa kwanza ni yupi? Mimi niliyekupa wewe, au wewe uliyenirudishia? Nimekuwa kama mtu aliyechungulia kisima mchana akakuta nyota. Hazimo kisimani, lakini anaziona.

Nimerudi Madibira wakati wa kuchavanga, kila mtu anavuruga tope lake lipokee miche. Neema na kaka zake wanasema nikodishe majaruba, nipumzike. Nikawaambia nitalima. Lakini nilipokanyaga tuta nikajikuta nauangalia mwendo wangu. Na mguu ukiuangalia unavyotembea, hautembei. Nikajikwaa, nikarudi nyumbani, nikakaa. Zamu yangu ya maji ikanikuta nimekaa, na unajua asiyefungua maji siku yake yanakwenda kwa mwingine, na msimu unamwacha. Msimamizi wa mfereji akapita mlangoni, akauliza kwa heshima zote: "Mzee, tukufungulie wewe, au tumpe jirani?"

Kihwele, nilijua nikisema mpe jirani, kitandani watanipeleka kwa kunibeba, na jina langu litakuwa la mtu aliyekuwa analima zamani.

Nikainuka. Mwendo wangu umegoma, basi nikatembea kama wewe unavyotembea kama mimi. Wako una kitu ambacho wangu hauna, kichekesho kidogo mabegani. Nikacheka peke yangu kwenye tuta, nikafika, nikafungua maji. Nimelima. Majaruba mawili nimempa Neema, na wewe usicheke. Moja ni langu, na miche yake imesimama kuliko ya jirani.

Ila kazi yangu kwako haijaisha. Nimekwenda msibani nikamwigiza mtu aliye hai, wewe ukafukiwa bila kuchekwa. Njiani narudi nikajiuliza, Kihwele mwenyewe alitembeaje? Sijui. Miaka yote ile, tuta moja, sijawahi kukuona. Nikampigia shemeji simu, anasema yeye anaujua, ni mwendo wa taratibu, wa mtu anayetafuta sindano chini, na atanifundisha. Siku ya kuanua matanga nitapanda tena Kilolo, nitavaa koti lako, nitakwenda mpaka kaburini kwa miguu yako mwenyewe, na watu watacheka inavyotakiwa. Hiyo naahidi, na mimi nikiahidi hata mvua inajua.

Lala, Mhehe. Usinisubiri, nina mpunga.

Na mwingine akiisoma barua hii akadhani natia chumvi, amwulize Mama Zawadi. Amwulize katekista wenu, aliyefunga kitabu cha sala akacheka mpaka akaletewa maji. Au amwulize Neema, aliyeniona siku ile kwenye tuta akadhani nimekunywa ulanzi.