Glasi ya Maji kwenye Sherehe ya Noemi

KITUO CHA POLISI, TREVISO
MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Ersilia Bortolin. Umri: miaka 58. Kazi: karani, duka la dawa. Makazi: Mtaa wa San Zeno.
Lalamiko: Walter Gasparin anadai kupigwa kwa chupa na Ilde Bortolin, miaka 81.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023 asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Ulipopungua, nilikwenda na binti yangu Noemi kwenye duka la vinywaji karibu na soko la samaki. Alhamisi alikuwa amepata leseni ya kuendesha treni za abiria. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuendesha kitu kikubwa kuliko trekta.

Muuzaji alimpa chupa ya rangi ya chungwa, akasema hiyo ni laini, inawafaa mabinti. Noemi akamjibu, "Nipe inayowafaa madereva." Akachukua bita nyekundu, pombe ya mitishamba, ile chungu hasa. Mimi nilirudi nyumbani kwa maringo.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa watu sita mezani kwangu. Bita tuliichanganya na divai ya povu na barafu, tukaweka zeituni. Inaanza tamu, kisha inauma ulimi kama ganda la chungwa, na njaa inafunguka.

Nilikuwa bado namimina wakati Walter, mpwa wa marehemu mume wangu, alipoinua glasi ya maji tugonganishe. Kwetu maji hayagonganishwi. Ni kumwombea mtu mkosi. Shangazi yangu Ilde alimwambia aiweke chini. Walter akasema anaendesha gari.

Shangazi akasema, "Wewe una gari lako. Huyu Jumatatu atabeba roho mia tano. Shika hata glasi tupu, lakini maji hapana."

Walter alicheka, akaisogeza glasi kuelekea ya Noemi. Shangazi akaipiga kwa kiganja, ikaanguka na kuvunjika. Walter aliruka nyuma, akanigonga kiwiko, na bita ikamwagika kwenye shati lake jeupe. Alipoona wekundu alikaa sakafuni, akasema amepasuliwa.

Noemi alichovya kidole kwenye shati, akakionja. "Binamu, damu yako ina ladha ya chungwa."

Watu walicheka sana. Hapo ndipo Walter alipotoka nje kupiga simu polisi.

Chupa ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Shangazi hakuigusa, wala hakumgusa Walter. Alipiga glasi. Asingeipiga yeye, ningeipiga mimi.

Wageni walipoondoka, sisi wanawake watatu tuliimaliza chupa. Nililala saa sita kasoro kumi usiku.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na nitayasema popote, hata mbele ya Walter.

Sahihi: E. Bortolin

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Aliomba niongeze kwamba treni ya kwenda Udine, Jumatatu saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, itaendeshwa na binti yake. Nilimweleza kuwa hilo halihusiani na lalamiko. Alikataa kutia sahihi mpaka liandikwe. Limeandikwa.

Koplo D. Furlan, 15 Oktoba 2023