Nimeuza Salfa ya Mama Mkwe Ninunue Tiketi ya Msimu

Mpendwa mshauri Bi Anifa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba haraka, maana ninakuandikia kwenye baridi hii ya huku juu nikiwa na woga ambao sijawahi kuuona tangu nizaliwe, na mtu wa kumwambia sina kwa sababu kila ninayemfikiria ndiye huyo huyo ninayemwogopa.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, kwetu ni Lupaso, Masasi, lakini nilipomuoa mke wangu Claudia nilihamia kwao Makote, Newala, kama wengi wanavyofanya huku, mwanamume anakwenda kukaa upande wa mke, na tumejaliwa binti mmoja, Dina. Nyumba tunayokaa iko kwenye kiwanja cha mama mkwe wangu, shamba ni lake, na mikorosho sitini aliyoachiwa na marehemu mumewe ndiyo inayotulisha sote, ndiyo ada ya Dina, ndiyo mabati, ndiyo dawa za presha za mama mwenyewe, na kazi yangu mimi ni kuipalilia na kuipuliza salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ugonjwa wa maua. Silalamiki, Bi Anifa, wamenipokea vizuri, ila nataka unielewe kwamba huku juu kitu changu mwenyewe, ambacho sikupewa na mtu, ni kimoja tu, timu yangu ya Miamba ya Masasi.

Miamba nimeifuata tangu inacheza kwenye vumbi, na miaka sita nina kiti changu jukwaani, safu ya tatu, jirani yangu ni mzee Barnaba, fundi cherehani wa Newala mjini, na mwaka juzi wakanichagua mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Sasa timu imepanda daraja, tukalia kwa furaha, kumbe viongozi wanapiga hesabu, tiketi ya msimu iliyokuwa elfu arobaini wameipeleka laki moja na ishirini. Alikuja bwana mmoja kutoka klabuni, anaitwa Humphrey, akatukusanya akasema asiyelipa ifikapo tarehe kumi na tano kiti chake anapewa mwingine, kuna watu Mtwara wanavisubiri. Mzee Barnaba akasimama akamwambia, "Mwanangu, mimi jezi za timu hii nimezishona bure wakati haina hata mpira wa mazoezi. Leo kiti changu kina mtu Mtwara?" Mzee akavaa kofia yake akatoka, na watu wote wakageuka kunitazama mimi, mwenyekiti, na mimi badala ya kuwasemea nikajikuta natamka kwa sauti kubwa, "Mwenyekiti hakai nje ya uzio! Mimi yangu nalipa!" Wakanipigia makofi. Mfukoni sikuwa na hata elfu kumi.

Wiki ile ile salfa ya ruzuku ya mama ilikuwa imefika chama cha msingi cha wakulima, mifuko minne, na mimi ndiye niliyesaini kuipokea. Mmoja nikaupuliza raundi ya kwanza vizuri kabisa, mitatu ikabaki stoo, ndipo akapita mfanyabiashara na pikapu anaulizia salfa, na mshauri wangu, sijui niseme nini, tarehe kumi na tatu nilimuuzia yote mitatu na tarehe kumi na nne nilikuwa Masasi nimeshika kadi yangu yenye picha yangu. Nilijiambia nitapata vibarua nitairudisha kabla ya raundi ya pili. Vibarua sikupata.

Siku ya raundi ya pili ilipokaribia Claudia akaniambia, "Baba Dina, kesho siku ya dawa, mama ameshaihesabu." Nikachanganyikiwa. Nikachukua unga wa muhogo wa zamani uliokuwa umeingia wadudu, nikauchekecha, na kwa kuwa salfa ni ya njano na unga ni mweupe, nikaenda sokoni Newala nikanunua binzari ya manjano kilo nzima, muuzaji akaniuliza kuna harusi, nikasema ndiyo. Nikachanganya. Alfajiri na umande wake nikawasha mashine nikaipuliza mikorosho sitini kwa unga wa muhogo na binzari, na wingu likatoka la njano, ukiwa mbali hujui kitu.

Mama akaja mpaka pembeni mwa shamba, akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Baba Dina, dawa ya mwaka huu inanukia vizuri." Nikamwambia ni ya kisasa, mama. Akasema haya, akarudi nyumbani. Mchana tunakula akaniuliza tena, taratibu, "Mwaka huu macho hayakuwashi? Miaka yote ukipuliza unarudi macho mekundu, nakuwekea maji." Nikasema nilivaa miwani. Sina miwani mimi.

Tangu hapo sina raha. Ukungu ukishuka asubuhi nakimbilia shambani kutazama maua, maana ubwiri unga, huo ugonjwa wenyewe, unapenda ukungu, na umeshuka siku tano mfululizo. Jumamosi iliyopita nilikwenda Masasi kwenye mechi ya kirafiki, nikakaa kwenye kiti changu cha laki na ishirini, kwenye kiti cha mzee Barnaba amekaa kijana anachezea simu, na tulipofunga bao watu wote waliruka, mimi nilibaki nimekaa natazama mawingu upande wa Newala.

Na jana asubuhi, Bi Anifa, ndipo nilipoona. Kwenye mikorosho mitatu ya upande wa bondeni maua yana unga unga wa kijivu. Sikujua ni unga wangu au ni ugonjwa wenyewe. Nikatazama huku na huku kuhakikisha hakuna mtu, nikalivuta tawi, nikaliramba ua. Halikuwa na binzari. Halikuwa na muhogo. Ni ugonjwa.

Ijumaa ni siku ya raundi ya tatu na mama ameshaihesabu. Mwisho wa mwezi anakuja shemeji yangu Godwin kutoka Chiwata kuangalia maua, huyu ndiye kaka wa Claudia, mjomba wa Dina, na kwenye ukoo ule neno la mwisho ni lake. Mume wa mdogo wake Claudia aliuza gunia moja tu la korosho za mama kwa kangomba, wale wanunuzi wa kichochoroni, na Godwin alimfungia mkeka wake akamsindikiza mpaka barabarani. Gunia moja! Mimi nimeua shamba zima. Nimefikiria kusema karani wa chama alitupa salfa feki, maana hayo yanasikika kila mwaka na watu wataamini. Nimefikiria pia kurudi Lupaso kimya kimya. Nimefikiria kupuliza unga tena Ijumaa nimwachie Mungu. Niambie nifanye lipi, na tafadhali ficha jina langu.

Mwenyekiti Mwoga, Makote

BI ANIFA ANAJIBU

Marahaba, Baba Dina. Nikuambie ukweli, nilipofika kwenye binzari nilicheka mpaka nikaweka barua chini. Nilipofika pale unaramba ua sikucheka tena. Mimi nimekulia chini ya mikorosho, vumbi la salfa nimelivuta kabla sijajua kusoma, na najua ua la kijivu ni kitu gani kwenye nyumba. Una haki ya kuogopa. Ila unaogopa vitu visivyo.

Unga wa Ijumaa ufute kichwani. Mtu anayemwona mgonjwa anazidiwa akaendelea kumpa maji ya rangi, huyo sasa hajakosea, ameamua. Hujafika huko bado.

Kuhusu karani wa chama, nimekasirika na sitaficha. Karani yule ana watoto, na huko kwenu mtu akishaitwa mwizi wa salfa hana pa kupita. Ukitamka neno hilo umeuza mifuko mitatu na mtu mmoja. Usilitamke hata usingizini. Na Lupaso unayotaka kukimbilia si ng'ambo, Godwin atafika kwa bodaboda kabla chai yako haijapoa.

Nakuelewa kwa jambo moja. Mwanamume anayeishi kwa wakweze hutamani kitu cha kwake, na wewe chako kikawa kiti safu ya tatu. Sikucheki kwa hilo. Lakini siku ile ya mkutano tawi zima lilikugeukia uwasemee, na wewe ukatoa mbwembwe. Mzee mzima ametoka na kofia yake, mwenyekiti anapigiwa makofi! Hapo ndipo ulipoanza kupotea, salfa ilifuata tu. Viongozi wa timu wanajua fika kwamba miezi hii mkulima wa korosho hana kitu, pesa yake inakuja baada ya mnada, na bado wanamdai sasa hivi ili kiti chake kiende kwa mwenye mshahara. Hilo lilihitaji mtu wa kulisema kwa sauti, na mtu huyo ulikuwa wewe.

Sasa nikuambie usilolijua. Mama mkwe wako anajua. Mwanamke aliyeishi na mikorosho miaka yote hiyo, umletee harufu ya pilau shambani umwambie ni ya kisasa? Salfa inawasha macho, inakereketa koo, inanuka kama kiberiti. Alikuja akanusa, akakuuliza. Mchana akatazama macho yako meupe, akakuuliza tena. Kwa heshima iliyopo kati ya mkwe na mkwe hawezi kukukaripia usoni, na hajamwambia mwanawe Godwin, maana angemwambia ungeshafungiwa mkeka. Amekufungulia mlango mara mbili na mara zote mbili ukaufunga kwa uongo. Sidhani kama atakuuliza mara ya tatu.

Basi sikiliza. Leo hii umwambie Claudia, mkiwa wawili, yote, pamoja na bei ya tiketi na jina la soko uliponunua binzari. Usimwingize shetani kwenye maneno yako, shetani hakusaini kupokea mifuko. Kesho mfunge safari nyinyi wawili mpaka Chiwata kwa Godwin, msimngoje mwisho wa mwezi, kwa sababu neno kama hili kwa desturi yenu linamfikia mama kupitia yeye, na ni afadhali Godwin alisikie kutoka mdomoni mwako kuliko alione kwenye tawi. Kaa chini, sema, kisha nyamaza. Atapiga kelele. Mwache apige. Anaweza pia kukuambia ufunge mkeka, na hapo mimi siwezi kukuahidi kitu, ila mwambie mkeka ataufunga baada ya shamba kupulizwa.

Mikorosho mitatu si sitini, Baba Dina, na maua hayatoki yote siku moja. Ukitoka Chiwata nenda moja kwa moja kwa bwana shamba, mpeleke mpaka bondeni, mwonyeshe. Zipo dawa za maji kwa ugonjwa ulioanza, yeye ndiye atakayesema ipi na kiasi gani, wewe kazi ya kubuni dawa umeshastaafu. Kwa pesa ya dawa, uza simu yako unayofuatia matokeo ya mpira. Salfa ya sehemu iliyobaki utaipata kwa mikono yako. Hapo Makote wamo wajane na wazee wenye mifuko ndani lakini hawana mashine wala nguvu ya kuibeba. Wapulizie mashamba yao, wakulipe kwa kilo za salfa, na kila kilo uikabidhi mkononi mwa mama, mbele ya Claudia.

Kadi ya uwanjani irudishe klabuni uombe pesa yako. Wakikataa, iache iozee kwenye droo, maana kila siku ya mechi mpaka maua yageuke korosho wewe utakuwa kwenye shamba la mtu. Na uenyekiti usiukimbie kabla hujaufanyia kazi siku moja. Nenda kwa mzee Barnaba, mwombe radhi, kisha muandike pamoja barua kwa viongozi kwamba wakulima walipe tiketi kidogo kidogo, na sehemu kubwa ilipwe baada ya mnada. Wakimaliza kuisoma, mwachie yeye kiti cha mwenyekiti. Ana moyo kuliko wewe.

La mwisho ni hili. Jina lako nimelificha, na hayo mengine yote humu, ya mkeo, ya binti, ya shemeji, nimeyabadilisha. Lakini mwanamume aliyenunua kilo nzima ya binzari kwa harusi ambayo haikufanyika ni mmoja tu, na muuzaji wake anafungia bidhaa kwa gazeti hili. Likishafika Newala utakuwa na asubuhi moja, pengine na nusu. Kwa hiyo usiisome barua hii mara ya pili. Likunje gazeti, mwite mkeo, umwambie akae, na uanze wewe kusema kabla hajalifungua yeye.