Sikio la Ngamia wa Awoi

Lodwar, Agosti 1996

Kaka Lokiru,

Ejok. Huku ni vumbi tu, lakini tuko salama. Mama anakusalimu.

Nimepokea sikio ulilotuma kutoka Kakuma, kunionyesha kwamba fisi amemla ngamia tuliyemweka kwako kwa ajili ya karo ya chuo ya binti yangu Awoi. Alama ya mifugo iliyo sikioni ni yetu kweli. Ila fisi huyo anakata vizuri, kama mwenye kisu.

Jana sokoni mtu kutoka Lopur, huko kwenu, alikuwa anauza ngamia mwenye sikio moja. Awoi alimwita ngamia huyo kwa jina, naye akaja kumnusa mkono. Muuzaji anasema alimnunua kwako.

Karo nitaitafuta kwingine. Sikio Awoi amelifungia kwenye sanduku lake la chuo, atakuletea akihitimu.

Dada yako,
Nakaale