Kijiti Ulichochomeka Kando ya Laga

Mdogo wangu Akai,

Nakuandikia mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu jina lako lilipochafuliwa, nami nikanyamaza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiongea? Sauti chini, macho kwenye vidole vya miguu. Darasani unanong'ona jibu, mwingine analipaza lilelile na kupigiwa makofi. Nilikuwa nakasirika! "Jiamini, wewe!" Neno lenyewe nililiokota kule Lodwar nilikokuwa nikiishi, ambako kila mtu analo: kinyozi, mhubiri, mtangazaji wa redio. Nikija nyumbani likizo nakukalisha nikufundishe kumtazama mtu machoni, mpaka siku moja ukacheka: "Dada, mbuzi tu ndio wananitazama hivyo." Ah, mtoto wewe.

Kisha ukaitwa mjini Kakuma kwa usaili wa ukarani. Kwetu ni ng'ambo ya laga, ule mto wa msimu, na mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani. Mahali palipokuwa mchanga mtupu jana yake palikuja maji. Ulifanya alivyotufunza marehemu baba: ukachomeka kijiti ukingoni uone kama maji yanapanda au yanashuka. Ukanipigia simu.

"Dada, kijiti kimefunikwa. Watu wote wanasubiri. Na mimi nisubiri?"

"Usaili saa ngapi?"

"Saa tatu."

Ilikuwa saa tatu kasorobo. "Hao hawana pa kwenda. Akai, hebu jiamini hata mara moja tu. Vuka."

Ulisema "sawa" kwa sauti kubwa, safi, ile niliyoidai miaka yote. Walikupata kesho yake, mbali kule chini, vyeti vyako bado vimefungwa kifuani kwa nailoni.

Matangani mama alisema, "Kichwa ngumu yake ndio imemuua." Majirani wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa namimina chai, nikaendelea kumimina.

Hukuwa na kichwa ngumu hata siku moja. Maji yale uliyajua kuliko mimi. Mimi niliyekuwa Lodwar, miguu mikavu, ndiye niliyekuwa na uhakika. Siku hizi nikisikia mtu akiambiwa "jiamini", natamani kumziba mdomo anayesema. Naumia, Akai, na naona haya.

Jana mchana nilimsomea mama barua hii mpaka hapo. Hakulia, aliniuliza tu kama nimemaliza. Leo asubuhi nimemsalimia, ejok. Hajaitikia.

Ni mimi dada yako, niliyekwambia uvuke.