Eliya, Je, Saksafoni Hii Ni Yako?

Mdogo wangu Eliya,

Imelala juu ya kitanda cha wageni hapa kwangu Black Rock, mjini Buffalo, nami nimekaa mbele yake kama mtu anayemlinda mgonjwa. Tangu asubuhi nafungua sanduku, nafunga, nafungua tena. Haina jina, haina namba. Mahali ambapo saksafoni nyingine huandikwa kiwanda na nchi, hii ni laini kama ukucha. Rangi ya dhahabu imebanduka, na ukiiminya shingoni kwa kidole gumba unahisi bati likitaka kubonyea. Ni mbovu kiasi cha kuwa yako. Lakini ubovu si ushahidi, na Jumamosi shahidi ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa. Tulipokwisha kukuzika Louisville, binti yako Neema alibaki kuondoa vitu katika ile nyumba yenu ya mtaa wa Iroquois. Nguo, sufuria, mablanketi, vyote alivipeleka kwenye duka la mitumba, na sanduku jeusi lililokuwa chini ya kitanda likaenda pamoja navyo. Alidhani ni sanduku la nguo tu. Alipogundua akarudi mbio, lakini halikuwepo tena. Tangu hapo, kila akipata siku ya mapumziko aliendesha gari kutoka kwake Columbus hadi Louisville kuzunguka maduka ya vitu vilivyotumika, hadi akaikuta hii, ndani ya sanduku jingine la buluu. Muuzaji hakujua ilikotoka.

Halafu akafanya jambo ambalo mtoto mwenye mapenzi tu ndiye angelifanya. Kwetu marehemu haondoki bila kuoshwa; naye akaiosha saksafoni. Aliipeleka kwa fundi, ikasuguliwa, vifuniko vyote vya ngozi vikang'olewa na kuwekwa vipya. Kile kipande cha kandambili ulichobandika kwa gundi ya pancha, ule mpira wa baiskeli uliofanya kazi ya springi, kama vilikuwemo, fundi alivitupa. Alama zako zote, Eliya, zimetupwa kwa heshima kubwa.

Unakumbuka siku ulipoileta kwenye kambi yetu ya wakimbizi? Ulikuwa umekwenda soko la Kasulu na baiskeli, ukarudi kwa miguu, saksafoni mgongoni imefungwa kwa khanga ya mama. Mimi nilitoka darasani na chaki mkononi, nikakupigia kelele.

"Umebadilisha baiskeli kwa bomba la maji?"

"Kaka, usiitukane. Haina jina, haina namba, haina nchi. Huyu ni mkimbizi mwenzetu, mpe karibu."

Nilicheka nikiwa bado na hasira. Hukuwa na mwalimu, na kwaya yetu haikuwa na chombo kingine cha kuiongoza. Kwa hiyo ulichopiga ndicho tulichoimba. Ile noti ya *la* ya chini ilikuwa imeharibika tangu kiwandani. Ilishuka, ikakaa mahali pasipo na jina. Katika wimbo uliotutungia, sauti hiyo iliangukia kwenye neno "mlangoni", na kwaya nzima, sauti zote nne, ikajifunza kushuka pamoja nayo. Hatukujua kama tunakosea. Tulidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Mpaka siku ya mashindano, kwaya ya ng'ambo ya kambi ilipotucheka wazi: "Hao hapo! Watelezao mlangoni!" Mama yetu aliinamisha kichwa. Wewe ulitoa saksafoni mdomoni, ukawajibu bila haraka:

"Hatutelezi. Tunainama. Mlango ni mfupi."

Watu walicheka hadi mwamuzi akasahau kutupatia alama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sitaki kufa nalo. Daktari wangu ameacha kunikemea kuhusu chumvi, na mtu aliyesoma anaelewa maana yake. Siku Neema alipofika hapa na sanduku la buluu, alilifungua mezani, akanitazama.

"Baba mkubwa, ni yenyewe?"

Nilitazama. Sikujua. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka, yamefika kidevuni, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu, ni yenyewe." Alipiga magoti palepale jikoni akashukuru Mungu. Kabla chai haijapoa, alikuwa ameshawapigia simu watu wa Louisville na Columbus.

Jumamosi ni siku ya kumaliza msiba wako, huko Columbus. Unaijua desturi: mkubwa wa ukoo anashika kitu cha marehemu mbele ya watu na kusema, "Hiki kilikuwa chake, sasa ni cha huyu." Hakuna anayemhoji. Ndiyo maana naogopa. Nikinyamaza, neno langu litakuwa kweli kwa sababu tu nimelisema, na Neema atalea chombo cha mtu mwingine akidhani ni pumzi ya baba yake. Nikikataa, nitakuwa nimemfanya aipoteze mara ya pili.

Nilitafuta njia nyepesi. Nilimwita jirani anayefundisha muziki huko North Buffalo aje aitazame. Akaipuliza, akaguna. Akasema saksafoni za bei rahisi kama hii zilitengenezwa kwa wingi bila jina, na nyingi zinashuka kwenye sauti ileile. Nilimwomba apige ile *la*. Akapiga. Ilishuka. Lakini ilishuka kiasi kile chako, au cha nyingine? Siku hizi nasikia kwa vifaa vya masikio, na kila sauti inanifikia kama kijiko ndani ya kopo. Nimeukosa ushahidi kwa sababu ya masikio yangu mwenyewe.

Jana nilimpigia Neema.

"Mwanangu, siku ile sikuwa na hakika."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Sasa mbona ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa unalia."

"Baba mkubwa! Watu wameshaomba ruhusa kazini. Mama Riziki wa kwaya ya kambini anatoka Louisville na magoti yake yale. Nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu. Nitawaambia mimi. Halafu wewe, uliyejifunza kupuliza shuleni, upige wimbo wa baba yako, na wale waliouimba kambini waimbe. Kama ni yenyewe, sauti zao zitakutana nayo mlangoni. Kama siyo, zitagongana, na kila mtu atasikia."

"Na wakiimba sawasawa, kama wanavyofundishwa huku?"

 Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wenzetu wameimba miaka mingi kwenye makanisa yenye piano. Hapa kwetu kijana anayefundisha kwaya aliwahi kuniambia kwa upole, "Babu, unashuka," na kwa aibu nikajifunza kutoshuka mbele yake. Je, kama wote tumenyooshwa? Kama hakuna koo hata moja lililobaki na alama yako, basi kilichooshwa si saksafoni tu.

Asubuhi hii nilijaribu kuuimba peke yangu, nikiwa nimeshika ukuta. Sauti yangu imekuwa nyembamba kama uzi. Nilifika karibu na neno lile, nikaogopa, nikakaa.

Neema atakuja kunichukua Ijumaa. Nimeshafunga vidonge vyangu na koti zito. Nitasimama mbele ya watu nitamke kwamba sijui, jambo ambalo mwalimu hulisema kwa shida. Kisha mwanao atapuliza. Niombee wenzetu wasahau walichofundishwa. Nao wakipita wima wote, Eliya, wewe sikiliza upande wangu, kwenye besi, kwa mzee aliyeshikilia kiti.

Mlango ni mfupi. Nitainama.

Kaka yako mkubwa,
aliyekuita mwenye bomba la maji