Bibi Assumpta, Uliyekaa Chini Penye Mawimbi

Mwaka umetimia, Bibi Assumpta Brosnan, tangu ukae chini penye mawimbi ya ufuo wa Trá Liath, fimbo ya kuvulia mkononi, ukakataa kuinuka. Mpaka leo hatuamini. Tunalisema tu, kama watu wanaosoma tangazo la msiba wa jirani.

Ulikuwa na afya ya punda. Asubuhi ile ulikula mayai, ukamgombeza mtangazaji wa hali ya hewa redioni kwa kutabiri utulivu, ukachimba minyoo yako ya chambo mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hafi. Tulikuwa tumekubaliana hivyo kama familia, na hatukumbuki kukupa ruhusa ya kubadilisha.

Wenzako wa kanisani walipoanza kufunga madirisha kwa sababu ya baridi, wewe ulitoa suruali yako ya mpira inayofika kifuani. Ulitufundisha kwamba besi, samaki yule wa rangi ya fedha mwenye miiba mgongoni, hana haja na bahari iliyolala. Anataka mawimbi yanayofukua mchanga na kumpakulia chakula. “Bahari ikitulia, kafue nguo,” ulisema. “Ikichafuka, kavue.” Wageni walioingia majini hadi kiunoni ili watupe ndoana mbali, uliwaacha waende. Kisha ulimtoa besi palepale walipokuwa wamepita. “Asanteni kwa kunipishia,” uliwaambia.

Ulikuwa na huruma pia, ingawa uliificha. Mgonjwa wa mtaani kwetu hakuruhusiwa kupona kabla hajala besi wako aliyekaangwa kwa siagi. Minyoo uliihifadhi ndani ya jokofu, kwenye kopo la biskuti, na hukuona sababu ya kumwonya mtu. Padri, aliyelifungua akitaka biskuti, alisamehe.

Lakini kazi yako kubwa duniani ilikuwa kumtoa Babu Malachy ndani ya gari. Babu hapendi baridi. Miaka yote alikupeleka ufuoni, akaegesha juu penye nyasi, akabaki na chai yake na gazeti, kioo kimefungwa. Nawe, samaki wakikawia, ulijiangusha mchangani, mikono huku na huku, ulimi nje. Babu alishuka mbio, akihema, akiita watakatifu kwa majina. Ulifumbua jicho moja. “Umefika, mzee? Nishikie fimbo nifunge kamba ya kofia.”

Mara ya mwisho alikasirika kweli. “Safari nyingine ukifa, mwanamke,” alisema, “ukae umekufa hadi nimalize chai.”

Safari nyingine ndiyo ilikuwa hiyo.

Alikuona ukikaa. Akacheka peke yake garini. “Hunipati leo, Assumpta!” Akajimiminia tena, akasoma matokeo ya mpira. Alipoinua macho, Fintan, fundi bomba wa jirani, ambaye mlikuwa mkivua pamoja naye, alikuwa amepiga magoti kando yako, na kofia yake inaondoka na maji bila yeye kuikimbiza.

Daktari alituambia moyo wako ulizimika kama taa, kwamba hata angekuwepo ubavuni mwako na mashine zake asingekurudisha. Babu alimsikiliza kwa adabu, kisha akarudi nyumbani akamwaga birika. Hajanywa chai tangu siku hiyo. Hapa Kerry, ambako kila mtu anaishi kwa chai! Watu wamekuja kumtazama. “Nilimuua kwa kikombe kimoja,” alituambia mezani, na tangu hapo hakutaka mtu yeyote afanye mzaha mbele yake. Mjukuu wako Lorcan aliporudi likizo kutoka shule ya bweni alimtilia chumvi kwenye bakuli la sukari, kama mlivyozoea. Babu aliumaliza uji wake wenye chumvi. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo tulipoogopa kwamba tutawapoteza nyote wawili, wewe na Babu.

Juzi, baada ya misa yako ya mwaka, tulikwenda Trá Liath. Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha na bahari ilikuwa chafu jinsi unavyoipenda. Mwanao Colm alimfungulia baba yake mlango wa gari.

“Nendeni,” Babu alisema. “Nitawaona kutoka hapa.”

“Baba, ni mama yetu.”

“Nimesema nitawaona.” Akaufunga.

Tulikuwa bado tumesimama pale kama kuku walionyeshewa mvua, Fintan akapanda kutoka majini, suruali inachuruzika, akagonga kioo. Babu alikishusha kidogo.

“Mzee Malachy, nina neno. Nimelibeba mwaka mzima na limenichosha.”

“Kama ni pole, nimeshapewa.”

“Si pole. Wewe ulikuwa huku juu. Mimi nilikuwa naye bega kwa bega. Alipokaa, nilicheka kukushinda wewe. Nikamwambia, ‘Inuka, mama, mzee haji leo, amekuzoea.’ Nikatia chambo kingine. Nikatupa mshipi, Mzee. Yeye yuko pale miguuni pangu, mimi natupa mshipi.”

Upepo ulivuma. Babu alimgeukia.

“Alikujibu nini?”

“Hakunijibu kitu.”

“Ulimwambia ainuke, na hakukujibu?”

“Hata neno.”

“Assumpta akose jibu?” Babu alishusha kioo chote. “Na wewe ukaendelea kuvua? Hapo ndipo ungejua amekufa, mjinga mkubwa wewe!”

Kisha Babu akaanza kucheka. Alicheka hadi gari likatikisika, akapiga usukani, na katikati ya kicheko sauti ikamgeuka, ikawa kilio kile tulichokingojea mwaka mzima. Fintan aliingiza mikono yote miwili dirishani akamshika, maji ya bahari yakimwagika juu ya viti.

Baadaye Babu alishuka mwenyewe. Alikwenda na viatu vya misa mpaka pale ulipokaa, akasimama ndani ya povu akakugombeza kwa kirefu. Hatukusikia alichosema, upepo ulikuwa mkali. Ila alikuwa akitua kila baada ya maneno machache, kama mtu anayekatizwa na majibu.

Unakumbukwa na mumeo Malachy, wanao Colm na Dervla, mkweo Ciara, mjukuu wako Lorcan, na Fintan, ambaye sasa tumemhesabu ndugu. Bado tumeduwaa, Bibi. Kukusahau hatutaweza kamwe.